Mavazi ya wahusika wa katuni: Burudani ya vijana inayoweza kumlipa fundi, au kumtia hasara

FUNDI cherehani wa mjini amezoea wateja wa aina tatu: mzazi anayetaka sare za shule, mama anayetaka mshono wa kitenge cha harusi, na mzee anayetaka suruali yake ipunguzwe kiuno. Siku hizi huenda akaingia mteja wa nne. Ni kijana, anaamkia shikamoo vizuri, kisha anatoa simu na kuonyesha picha ya mtu ambaye hajawahi kuishi duniani: shujaa wa katuni mwenye koti refu, kola iliyosimama na mabega yanayong'aa kama chuma. Anataka avae vile vile, na anauliza bei.

Fundi asiyejua habari hii anaweza kucheka na kumpoteza mteja. Anaweza pia kukubali kwa bei ya sare ya shule, akajuta kabla kazi haijafika nusu. Kosa la pili ndilo baya zaidi, kwa sababu linakula muda, kitambaa na wateja wengine waliokuwa wakisubiri.

Burudani hiyo inaitwa kosplei. Mtu huvaa na kujipamba afanane na mhusika wa filamu, kitabu cha katuni au mchezo wa kompyuta, kisha huenda kwenye mkusanyiko wa mashabiki wenzake. Huko hupigwa picha, hupanda jukwaani na wengine hushindania zawadi. Wengi hufanya hivyo kwa kujifurahisha tu. Lakini nyuma ya kila vazi kuna kitambaa kilichonunuliwa, wigi, gundi, rangi, viatu na mara nyingi mikono ya fundi. Hapo ndipo biashara ilipo.

Ilianza na watu wawili

Jambo hili si geni kama wengi wanavyodhani. Julai 1939, wapenzi wa hadithi za sayansi walikusanyika mjini New York, Marekani, kwa mkutano wao wa kwanza wa kimataifa. Walikuwa watu wapatao 200 tu. Kati yao wawili, Forrest J Ackerman na Myrtle R. Douglas, walifika wamevaa mavazi ya watu wa zama zijazo, yaliyofuata mtindo wa filamu ya Things to Come ya mwaka 1936. Aliyeyashona yote mawili ni Myrtle Douglas. Mwaka uliofuata, mkutano huo ulipofanyika Chicago, tayari kulikuwa na mashindano ya mavazi.

Jina lenyewe lilitoka Japani. Mwaka 1983 Nobuyuki Takahashi aliandika kuhusu burudani hiyo katika gazeti la My Anime, akaiita kosupure, neno alilolifupisha kutoka maneno ya Kiingereza yenye maana ya vazi na mchezo. Wakati huo vijana wa Tokyo walikuwa na soko lao la vitabu vya katuni, Comiket, lililoanza Desemba 1975 na linalofanyika majira ya joto na majira ya baridi. Tangu mwaka 2003 mji wa Nagoya umekuwa mwenyeji wa mkutano wa dunia wa kosplei, ambapo timu za watu wawili wawili kutoka nchi mbalimbali huonyesha mavazi yao jukwaani.

Nchini Marekani, maonyesho ya Comic-Con ya San Diego yalianza mwaka 1970. Kabla ya janga la korona yalikuwa yakipokea watu zaidi ya 130,000 kwa mwaka. Afrika Mashariki nayo haikubaki nyuma. Katika miaka ya 2010 Nairobi ilipata kongamano lake la mashabiki wa katuni, NAICCON, nalo lina mashindano ya mavazi.

Anayeanza aanze na kitambaa

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kuchagua mhusika mgumu. Kijana huvutiwa na askari mwenye deraya mwili mzima, mabawa na upanga mrefu kuliko yeye. Anatumia fedha zote, siku ya maonyesho inafika na vazi liko nusu.

Njia rahisi ni kumtafuta mhusika ambaye nguo zake zinakaribiana na nguo za kawaida. Wapo wengi: wanafunzi wenye sare, wapishi, mabaharia, wapelelezi wenye makoti marefu. Kwa vazi la namna hiyo, safari ya kwanza ni ya mtumbani. Koti la mtumba linaweza kupunguzwa, likabadilishwa kola na vifungo, likatiwa rangi nyingine. Kazi inayobaki ni wigi na kitu kimoja cha kushika mkononi ambacho watazamaji watamtambua nacho mhusika mara moja.

Hatua ya pili ni picha. Fundi apewe picha ya mhusika akiwa mbele, nyuma na ubavuni. Wachoraji wa katuni hawajali kama nguo inavalika. Wanachora koti lisilo na zipu, mkanda usio na kifungo na kola inayosimama bila kitu cha kuishikilia. Fundi ndiye anayeamua zipu ijifiche wapi, na kama kola itatiwa kitambaa kigumu ndani. Maswali hayo yaulizwe kabla mkasi haujagusa kitambaa.

Chuma kisicho chuma

Mabega yale yanayong'aa kama chuma si chuma. Mara nyingi ni EVA, mpira mwepesi wenye matundu madogo madogo ya hewa. Watu wengi wanaufahamu bila kujua jina lake: soli nyingi za kandambili zimetengenezwa nao, na pia mikeka laini ya kuunganisha ambayo watoto huchezea sakafuni. Hupatikana kwa unene tofauti, kuanzia milimita 2 hadi 10 na zaidi.

Ili kupata vipimo, mafundi huzungushia sehemu ya mwili karatasi ya nailoni, wakaifunika kwa selotepu, kisha wakachora juu yake umbo la deraya. Wakishachora wanaikata taratibu na kuivua. Vipande vile vikilazwa juu ya meza vinakuwa ruwaza, kama ile ya karatasi anayotumia fundi cherehani.

Ruwaza inahamishiwa kwenye EVA na kukatwa kwa kisu chembamba chenye makali. Mpira huu humaliza makali upesi, kwa hiyo wembe hubadilishwa mara kwa mara, la sivyo kingo zinachanika. Pale vipande viwili vinapotakiwa kukutana kwa kona, kingo hukatwa kwa mshazari.

Kuunganisha ni kazi ya gundi ya viatu. Hupakwa pande zote mbili, huachwa dakika chache mpaka isigande kidoleni, kisha pande hukandamizwa pamoja. Zikishagusana hazirudi nyuma, hivyo mkono uwe na uhakika. Fundi viatu anaijua kazi hii kuliko fundi cherehani, na ndiyo maana wawili hao wakishirikiana kazi huenda haraka.

Baada ya hapo mpira hupashwa kwa mashine ya kupuliza hewa ya moto. Joto hulainisha EVA ili ikunjwe kufuata bega au kifua, na huziba vitundu vya juu. Kisha hupakwa gundi nyeupe ya mbao, tabaka nyembamba kadhaa, kila moja ikauke kwanza. Rangi inakuja mwisho. Anayeruka hatua ya kuziba ataona rangi ikinywewa na mpira, na chuma chake kitafanana na sponji.

Tahadhari ni muhimu. Moshi wa gundi ya viatu na wa mpira uliopashwa moto unadhuru. Kazi ifanyike nje au mahali penye hewa, mbali na watoto, na moto wa mkaa au jiko usiwe karibu na gundi, kwa kuwa inashika moto upesi.

Hesabu ndiyo inayoamua

Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika kazi hii daftari linahitaji safu ya ziada: saa.

Chukua mfano. Tuseme vifaa vya vazi moja lenye deraya vimegharimu Sh80,000, na kijana ameomba bei ya Sh150,000. Fundi anaona Sh70,000 zinabaki, anafurahi. Lakini kazi ikichukua saa 60, anakuwa amelipwa chini ya Sh1,200 kwa saa. Tuseme tena kwamba sare moja ya shule inamwachia Sh5,000 na anaishona kwa saa mbili. Hiyo ni Sh2,500 kwa saa. Sare, ambayo hakuna anayeipiga picha, imemlipa zaidi ya mara mbili.

Sababu ni rahisi. Sare hushonwa kwa ruwaza moja mara mia. Vazi la kosplei hushonwa mara moja, kwa mtu mmoja, na ruwaza yake inaanzia sifuri. Kujaribu, kukosea na kurudia vyote vinakula saa, na saa hizo hakuna anayezilipa zisipoandikwa tangu mwanzo.

Kwa hiyo fundi anayepokea kazi hii apange bei kwa saa na si kwa kuangalia mfuko wa mteja. Achukue malipo ya awali yanayofika angalau gharama ya vifaa vyote, kwa sababu mteja akikimbia, hakuna mwingine mtaani atakayenunua koti la shujaa huyo kwa vipimo vile. Aulize tarehe ya maonyesho na aweke siku ya kujaribisha nguo wiki moja au mbili kabla. Vazi likikamilika siku moja baada ya maonyesho halina thamani, kama nyanya zilizofika sokoni gulio likiwa limevunjika.

Waliouza mbegu badala ya mavuno

Wachache waliofanikiwa kuishi kwa kosplei wana jambo moja wanalofanana: hawakutegemea kushona vazi moja moja kwa wateja.

Yaya Han, aliyezaliwa China na kuhamia Ujerumani kisha Marekani, alihudhuria maonyesho yake ya kwanza mwaka 1999. Mbali na mavazi, aligeukia kuuza vitu vidogo ambavyo mashabiki wengi wanavihitaji, kama masikio ya bandia na mapambo. Kuanzia mwaka 2015 kampuni ya McCall's ilitoa ruwaza za kushonea zenye jina lake, na baadaye vitambaa vyake viliuzwa katika maduka ya Joann nchini Marekani. Maduka hayo yalifilisika na kufungwa yote mwaka 2025, jambo linaloonyesha hatari ya kuweka mayai yote katika kikapu cha mnunuzi mmoja.

Nchini Ujerumani, Svetlana Quindt, anayejulikana kwa jina la Kamui, aliandika vitabu vya kufundisha jinsi ya kutengeneza deraya na anauza ruwaza kwa njia ya intaneti. Ruwaza huchorwa mara moja na kuuzwa mara nyingi. Mkulima ataelewa tofauti hiyo upesi: kuna anayeuza gunia la mahindi, na kuna anayeuza mbegu.

Kijiji cha wakulima kilichogeuka kiwanda

Mfano unaowagusa wakulima zaidi unatoka katika mkoa wa Shandong, China. Katika wilaya ya Caoxian kuna kijiji kinachoitwa Dinglou, ambacho wakazi wake waliishi kwa kilimo. Vijana wengi walikuwa wakihamia miji ya mbali kutafuta vibarua. Baadhi ya familia zilikuwa na biashara ndogo ya kushona nguo za kuvalia studio za picha, wakizibeba kwenye mabegi na kuzunguka mikoani kuzitembeza.

Karibu mwaka 2010 wanakijiji wa kwanza walifungua maduka katika mtandao wa Taobao na kuuza nguo hizo bila kutembea. Biashara ilipopanuka, waligeukia mavazi ya maigizo na ngoma, hasa ya watoto. Majirani waliona, wakaiga. Mwaka 2013 Dinglou ilikuwa miongoni mwa vijiji vya kwanza kutambuliwa na kampuni ya Alibaba kuwa vijiji vya Taobao. Kipimo cha kutambuliwa si kidogo: mauzo ya yuan milioni 10 kwa mwaka, na maduka ya mtandaoni yasiyopungua 100 au asilimia 10 ya kaya zote. Ushonaji ukaenea wilayani, na baadhi ya vijana waliokuwa wamekwenda mijini wakarudi nyumbani.

Lakini biashara ya mavazi ya maonyesho ina msimu kama ya mazao. Kwa mafundi wa Caoxian msimu mkubwa ni kabla ya Juni 1, Siku ya Watoto nchini China, shule zinapoandaa ngoma na michezo. Nje ya hapo oda hupungua, na anayekosa akiba hukopa.

Kisha ikaja korona. Mwaka 2020 shule zilifungwa na maonyesho yakakatazwa. Huko San Diego, Comic-Con haikufanyika ukumbini kwa mara ya kwanza tangu ianze, na mikusanyiko ya mashabiki duniani ikasimama. Kwa anayeshona nguo za jukwaani hiyo ilikuwa kama mvua kukatika mahindi yakiwa yanachanua. Mafundi wengi wa Caoxian waliokoka kwa sababu cherehani haichagui nguo: waligeukia hanfu, mavazi ya asili ya Wachina wa Han, ambayo vijana wa nchi hiyo walikuwa wameanza kuyapenda upya. Ujuzi ulibaki ule ule, soko ndilo lililobadilika.

Malighafi iliyo karibu

Kwa fundi wa Afrika Mashariki, soko la kosplei bado ni dogo, na atakayeacha sare na vitenge kwa ajili yake atalala njaa. Hata hivyo kuna mambo yanayomsaidia.

La kwanza ni malighafi. Filamu ya Black Panther ilipotoka mwaka 2018, mbunifu wake wa mavazi, Ruth E. Carter, alikuwa amechota kutoka kwa Wamasai, Waturkana, Wahimba wa Namibia na mablanketi ya Wasotho. Mwaka 2019 alishinda tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Shabiki wa Ulaya anayetaka kuvaa kama walinzi wa kike wa filamu ile itabidi atafute shanga mbali. Wa Arusha au Narok anazipata kwa akina mama wanaozitunga karibu na kwake, na kazi ya mikono yao ndiyo hasa inayowapa majaji sababu ya kutoa alama.

La pili ni kukodisha. Vazi linalotumika siku mbili kwa mwaka linaweza kukodishwa kwa shule zenye maigizo, kwa sherehe za watoto na kwa wanaopiga picha za video. Mwenye vazi moja zuri la mfalme, askari au malkia anaweza kulirudishia gharama polepole, mradi alifue, alikague na achukue dhamana kwa kila anayeliazima.

La tatu ni matengenezo. Kwenye maonyesho zipu hukatika, bega huachia gundi na mshono huchanika. Fundi aliye jirani na ukumbi mwenye sindano, pini, lastiki na gundi hufanya kazi ndogo ndogo zinazolipwa papo hapo.

Mipaka ya kuangalia

Wahusika hawa wana wenyewe. Kampuni za filamu na katuni kwa kawaida hazimsumbui shabiki anayejishonea vazi lake. Kutengeneza mia na kuziuza zikiwa na nembo ya kampuni ni jambo jingine, na linaweza kumfikisha mtu mahakamani. Mwaka 2021 hata serikali ya Japani ilianza kuangalia namna hakimiliki inavyowahusu wanaolipwa kwa kosplei.

Silaha za kuigiza nazo zina kanuni. Maonyesho mengi hukagua kila upanga na bunduki mlangoni. Vya chuma chenye makali havipiti. Ndiyo sababu nyingine ya kutumia EVA.

Aidha, vazi si ruhusa ya kumgusa aliyelivaa. Mwaka 2014 maonyesho ya New York yaliweka mabango makubwa kuwakumbusha wageni jambo hilo. Wazazi wanaosita kuwaruhusu watoto wao waulize kwanza waandaaji wana utaratibu gani, na mtoto aende na mtu mzima.

Kuhusu yule kijana aliyeingia na simu, fundi hana sababu ya kumfukuza, wala ya kumkubalia kila kitu. Afungue daftari na kuandika mambo matano: picha za pande tatu, vipimo, tarehe ya maonyesho, makisio ya saa na malipo ya awali. Kama deraya ni ngumu mno, amshauri kijana aanze na koti na kola, deraya ifuate mwakani. Mteja ataokoa fedha zake, naye fundi hataonana na hasara ya saa 60. Kazi ikitoka vizuri, picha zake zitazunguka kwenye simu za vijana wenzake, na tangazo hilo fundi hakulilipia.